Kijidudu, kinga au ugonjwa: ulinganisho kwa anayetafuta njia ya utafiti wa shahada ya juu

Watu watatu wanaweza kuandika tasnifu tatu juu ya kifua kikuu na wasikutane maabara hata siku moja. Wa kwanza anakaa na bakteria mwenyewe: anataka kujua jinsi Mycobacterium tuberculosis anavyobadilisha vinasaba vyake hadi dawa ya rifampisini ishindwe kumuua. Wa pili anakaa na mwili: anauliza inakuwaje watu wengi walioambukizwa waishi na bakteria huyo miaka na miaka bila kuugua, na ni seli zipi zinazomfungia humo ndani. Wa tatu anakaa na wagonjwa, au na daftari zao: nani anaugua, anaishi na nani, na kwa nini huyu alipona ilhali yule amerudi hospitali akiwa na ugonjwa uleule.

Hizo ndizo mikrobiolojia, imunolojia na utafiti wa ugonjwa kwa watu. Vyuo vingi huziweka chini ya idara moja, na mwombaji akishaandika kwenye fomu kwamba anapenda magonjwa ya kuambukiza hudhani amemaliza kuchagua. Kumbe bado. Siku ya mwanafunzi wa kwanza haifanani na siku ya wa tatu, wala kinachomnyima usingizi si kilekile.

Ulinganisho mwingi huanza na ajira au na sifa ya chuo. Mimi naanza kwingine, kwa sababu nimeona wanafunzi wenye akili nzuri wakikwama si kwa kushindwa masomo, bali kwa kuingia njia ambayo subira yake hawakuwa nayo. Kila njia ina kungoja kwake. Mwanamikrobiolojia hungoja kiumbe kiote. Mwanaimunolojia hungoja panya wazaliane, kisha hungoja majibu yanayopingana yakubaliane. Mtafiti wa ugonjwa hungoja watu: vibali, ridhaa, na mgonjwa aliyeahidi kurudi baada ya miezi mitatu. Jiulize ni kungoja kupi unakoweza kukustahimili.

Mikrobiolojia: kumngoja anayeota

E. coli akipata mchuzi mzuri na joto la nyuzi 37 hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Unampanda jioni, asubuhi unakuta makoloni, yaani vidoa vya bakteria waliozaliana pamoja. Ukikosea umepoteza usiku mmoja, na kesho unarudia. Bakteria wa kifua kikuu huhitaji saa 18 hadi 24 kugawanyika mara moja tu, na kwenye agari, utomvu mgumu wa kukuzia bakteria, makoloni yake huanza kuonekana baada ya wiki tatu, wakati mwingine sita. Kuvu wakiingia kwenye kisahani wiki ya tatu, umerudi mwanzo. Mwanafunzi wa uzamili mwenye mwaka mmoja wa maabara na apige hesabu kabla ya kutia saini: raundi zake ni kati ya nane na kumi na saba, na hapo hakijaharibika kitu.

Kuna wakaidi zaidi. Bakteria wa ukoma alionwa na Hansen mwaka 1873, na hadi leo hajakubali kuota kwenye chakula chochote cha maabara. Hukuzwa kwenye nyayo za panya au ndani ya amadilo, mnyama wa Amerika mwenye magamba mgongoni, na hugawanyika mara moja kwa karibu wiki mbili. Anayetaka kumtafiti huyo ajue kwamba sehemu kubwa ya kazi yake itafanyika bila kumwona kiumbe akiota.

Maabara nyingi hupita njia ya mkato iliyo halali: badala ya M. tuberculosis huanza na M. smegmatis, ndugu yake asiyesumbua watu wenye afya, anayegawanyika kwa saa tatu au nne. Jaribio linanyooshwa hapo, kisha raundi chache za mwisho ndizo hupelekwa kwa bakteria halisi. Basi swali la kwanza kwa msimamizi wa mikrobiolojia liwe hili: nitaanza na kiumbe gani, na ni lini nitaruhusiwa kumshika yule halisi? Kifua kikuu hushughulikiwa kwenye maabara ya usalama wa ngazi ya 3, yenye hewa inayovutwa kwenda ndani isivuje nje, mavazi maalumu, na mafunzo yanayoweza kula wiki kadhaa kabla hujaigusa kazi yako mwenyewe.

Faida ya njia hii ni kwamba jibu lake mara nyingi liko wazi: ameota au hajaota. Unaweza kuiondoa jeni moja, ukaona bakteria amebadilika, ukairudisha, akarudi alivyokuwa. Hapo umethibitisha jambo ambalo wengine hulizunguka miaka mingi. Mantiki hii ni ya tangu enzi za Robert Koch, aliyetangaza chanzo cha kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882: mtenge kijidudu, mkuze peke yake, mtie kwa mnyama mzima, kisha mtoe tena humo. Na kazi ndogo ya jeni moja huweza kufika mbali. Waliochunguza usugu dhidi ya rifampisini waligundua kwamba zaidi ya asilimia 95 ya bakteria sugu wana mabadiliko kwenye kipande kimoja cha jeni ya rpoB chenye herufi 81 tu za DNA. Kipande hicho ndicho kinachosomwa na GeneXpert, kipimo kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, na mgonjwa hupata jibu kwa muda usiozidi saa mbili.

Kungoja nako kumewahi kulipa. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren walikuwa wakijaribu kuotesha bakteria waliowaona kwenye matumbo ya wagonjwa. Visahani vilikuwa vikitupwa baada ya siku mbili kwa kuwa havikuonyesha kitu. Sikukuu ya Pasaka ikaingia, visahani vikaachwa kwenye inkubeta, kabati la joto la kukuzia, siku kadhaa zaidi, na waliporudi wakakuta makoloni. Ndiye Helicobacter pylori, chanzo cha vidonda vingi vya tumbo, na wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Imunolojia: panya watano, majibu matano

Hapa kalenda yako inashikwa na panya. Mimba yake ni siku 19 hadi 21, mtoto hunyonya wiki tatu, na hukomaa kwenye wiki ya sita hadi ya nane. Inaonekana haraka hadi pale tasnifu inapodai panya mwenye mabadiliko mawili au matatu ya jeni kwa pamoja. Hapo utazalisha kizazi baada ya kizazi, ukikata kipande cha sikio au mkia ili kupima DNA, na mwaka unaweza kuisha kabla ya jaribio lenyewe. Panya wakishapatikana, jaribio huwa siku moja ndefu kuliko siku zote: asubuhi unatoa wengu na tezi, mchana unatenganisha seli, jioni unazitia kingamwili (protini za kinga zinazonasa shabaha maalumu) zenye rangi na kuzipitisha moja moja mbele ya leza. Usiku unaondoka na faili lenye nukta laki kadhaa, kila nukta seli moja.

Halafu unagundua kwamba panya watano, ndugu wa ukoo mmoja, wamekupa majibu matano. Ndipo imunolojia inapoachana na mikrobiolojia. Mwili haukai kimya ukisubiri swali lako. Unaathiriwa na umri, jinsia, chakula, hata bakteria wa utumboni. Kazi ya mwanaimunolojia kwa sehemu kubwa ni kupanga ulinganisho ndani ya jaribio, ili ajue tofauti ipi imetokana na alichofanya na ipi ni mwili tu. Anayechukia utata atateseka, na anayeupenda hatataka kuondoka.

Tena panya si mtu. Panya wa maabara wanaotumiwa zaidi, wakiambukizwa kifua kikuu, hawapati ule uvimbe wa mapafu wenye kiini kilichooza kama jibini unaoonekana kwa binadamu. Mwaka 2016 ilionyeshwa pia kwamba kinga ya panya waliolelewa kwenye vizimba safi inafanana zaidi na ya mtoto mchanga kuliko ya mtu mzima. Walipowekwa pamoja na panya waliotoka madukani, wenye maradhi yao ya kawaida, kinga yao ikasogea kuelekea ya mtu mzima. Haina maana uwaache panya. Ina maana kila sura ya tasnifu yako itaulizwa: je, na kwa binadamu ni hivyo? Maabara nzuri huwa na mlango wa pili, yaani damu ya watu ya kujibia swali hilo.

Msamiati wake ni mzigo wa kweli. Kuna alama za seli zilizopewa namba kwa mamia, CD4, CD8, CD19 na kuendelea, na molekuli za mawasiliano zenye majina yasiyosaidia kukisia kazi yake. Mwaka wa kwanza makala moja inaweza kukuchukua siku tatu. Usijione mjinga, ni lugha mpya, na hukaa kichwani kwa kuisema.

Ila kwa mshangao, hakuna njia inayoifikia. Dawa za kuzuia molekuli iitwayo TNF zilitengenezwa kutuliza maradhi kama baridi yabisi ya viungo. Mwaka 2001 ikachapishwa taarifa ya watu 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia mojawapo, infliximab. Kumbe molekuli ile iliyokuwa ikiumiza viungo ndiyo iliyosaidia kushikilia ukuta unaomfungia bakteria mapafuni. Ushahidi mkubwa juu ya kinga ya kifua kikuu kwa binadamu ukatokea kwa madaktari wa viungo.

Mwanafunzi anayesitasita kati ya njia hizi namsimulia habari za Bruce Glick. Miaka ya mwanzo ya 1950, akiwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika chuo cha Ohio State, alikuwa akiwakata kuku bursa, kifuko kidogo kilicho karibu na mwisho wa utumbo, ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Hakuona kitu. Mwenzake, Timothy Chang, akaazima kuku hao kwa ajili ya darasa, awaonyeshe wanafunzi jinsi mwili unavyotoa kingamwili dhidi ya Salmonella. Kuku waliokatwa kifuko hawakutoa kingamwili. Somo liliharibika, lakini wawili hao walikaa wakafikiri, wakarudia kwa kuku wengi zaidi. Jarida la Science liliikataa makala yao, ikatoka mwaka 1956 kwenye Poultry Science, jarida la wafugaji na wataalamu wa kuku. Herufi B katika jina la seli B, zinazotoa kingamwili, imetokana na bursa ile.

Utafiti wa ugonjwa: kuwangoja watu

Huku hakuna inkubeta ya kuulaumu. Kabla ya sampuli ya kwanza kuna pendekezo la utafiti, kamati ya maadili, marekebisho ya kamati, fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha ambayo mshiriki anaielewa, na makubaliano na hospitali. Miezi hupita ukiandika barua tu. Kazi ikianza, watu wanahama, wanabadilisha namba za simu, wanapona wakaona hakuna haja ya kurudi. Takwimu zako zitakuwa na matundu, na sehemu ya elimu yako ni kujua tundu lipi ni la bahati tu na lipi linakudanganya.

Anayefaa hapa ni mtu wa hesabu na wa watu kwa pamoja, na wawili hao hawakai kwa urahisi ndani ya mtu mmoja. Utajifunza takwimu kwa kina, utaandika programu kwa R au kwa zana nyingine ya aina hiyo, na utaishi na hofu moja ya kudumu: kwamba kile unachodhani ni chanzo ni kitu kingine kilichosimama karibu yake. Mwanamikrobiolojia huondoa jeni akaona. Wewe huwezi kumwondolea mtu umaskini wake kwa wiki mbili ili uone kama kikohozi kitapungua.

Mwaka 1949 Anthony Allison, wakati huo mwanafunzi wa Oxford, alishiriki safari ya utafiti nchini Kenya na kukusanya damu kutoka jamii mbalimbali. Akaona jambo: waliobeba urithi wa seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, walizidi asilimia 20 katika jamii za pwani na za kando ya Ziwa Victoria, na hawakufika asilimia 1 katika jamii za nyanda za juu. Ramani hiyo ililingana na ile ya malaria. Wazo likamjia kwamba kubeba nusu ya urithi huo kunamkinga mtu na malaria. Ila ramani peke yake si uthibitisho, na ilimlazimu kurudi Afrika Mashariki kupima vimelea katika damu za watoto. Alichapisha mwaka 1954. Ni miaka mitano kutoka wazo hadi ushahidi, na wazo lenyewe lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kwa hiyo mwenye uzamili wa muda mfupi asianzishe utafiti wa kuwafuatilia watu upya. Atafute data zilizokwisha kukusanywa, au sampuli zilizoko kwenye jokofu za mradi uliokwisha, zenye ridhaa inayoruhusu matumizi yake. Swali zuri kwenye data za zamani ni tasnifu kamili, na si la daraja la pili hata kidogo.

Mahali zinapokutana

Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, alieleza saratani ya taya kwa watoto, kisha akazunguka Afrika akichora inapopatikana na inapokosekana. Michael Epstein, mtafiti wa virusi, alimsikia akihutubia London mwaka 1961 akaomba vipande vya uvimbe huo. Kwa muda mrefu hakupata kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kichupa kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kama yenye bakteria. Kabla ya kumwaga, Epstein akayaweka chini ya hadubini: zilikuwa seli za uvimbe, hai, zikielea. Yvonne Barr, mwanafunzi wake wa uzamivu, alikuwa pamoja naye katika kuzikuza seli hizo, na mwaka 1964 yeye, Epstein na Bert Achong walitangaza kirusi kilichoonekana ndani yake. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Hadithi haikuishia hapo. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wamebeba kirusi hicho, na karibu wote hawapati saratani hiyo. Kirusi peke yake hakikutosha kuieleza ramani ya Burkitt; ilibidi kuingiza malaria, inayodhoofisha ulinzi wa seli T, seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa, huku ikichochea seli B zizaliane. Daktari mwenye ramani alihitaji maabara ya virusi, na maabara ya virusi ikahitaji watu wa kinga. Ukichagua moja, basi, hujaachana na nyingine: umechagua mlango wa kuingilia.

Juu ya ajira nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mambo hubadilika. Mikrobiolojia hupeleka watu kwenye maabara za hospitali, ukaguzi wa maji na chakula, na viwanda vya dawa. Imunolojia hupeleka kwenye chanjo na matibabu ya saratani. Utafiti wa ugonjwa hupeleka kwenye wizara, mashirika na miradi ya afya. Anayejua takwimu hutafutwa na wote watatu.

Msimamizi ana uzito kuliko njia yenyewe. Albert Schatz alikuwa mwanafunzi wa Selman Waksman katika chuo cha Rutgers, Marekani, alipoitenga streptomisini mwezi Oktoba 1943, dawa ya kwanza ya antibiotiki iliyofaa dhidi ya kifua kikuu. Kwenye makala ya kwanza jina lake lilitangulia. Baadaye ilibidi aende mahakamani, mwaka 1950, kudai haki yake, akatambuliwa kuwa mgunduzi mwenza. Nobel ya mwaka 1952 ilikwenda kwa Waksman peke yake. Soma makala za maabara unayoiendea uone majina ya wanafunzi yamekaa wapi. Uliza mapema hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, itakuwa ya nani.

Ushauri wangu ni huu. Kwa uzamili wa mwaka mmoja au miwili, chagua mikrobiolojia yenye kiumbe kinachoota haraka, au utafiti wa ugonjwa juu ya data zilizopo. Imunolojia iingie tu ikiwa panya wapo tayari au kazi ni ya damu ya watu. Kwa uzamivu wa miaka minne au mitano, imunolojia inastahili, ila usikubali kuanzisha ukoo mpya wa panya baada ya mwaka wa pili. Aliyetoka udaktari au uuguzi asikimbilie maabara kwa kuonea aibu utafiti wa daftari na fomu. Anajua wagonjwa, na hilo wengine hawalijui. Na ambaye bado amegawanyika kabisa aanze na mikrobiolojia: mikono iliyozoea usafi wa kukuza viumbe, PCR (kunakili DNA kwa wingi) na kusoma DNA hupokelewa popote, na nimeona wengi wakivuka kutoka huko kwenda kwenye kinga kuliko waliovuka kurudi.

Kabla ya kujibu barua ya kukubaliwa, omba kukaa wiki moja kwenye maabara au ofisi ya mradi. Usimfuate profesa, mfuate mwanafunzi aliyekaa pale muda mrefu zaidi, umwulize jaribio lake la mwisho lililoharibika lilimgharimu muda gani. Mmoja atakwambia usiku mmoja, mwingine miezi minne, mwingine atakuhesabia wagonjwa walioacha kuja. Msikilize anavyolisema hilo, kisha ujiulize kama ungeweza kulisema wewe na kesho yake ukarudi kazini.